Kupanga kurasa ni kuandika, sio kukusanya linki

Tangu Google waanze kuweka majibu ya akili mnemba juu kabisa ya matokeo ya utafutaji, Mei 2024 kule Marekani na baadae nchi nyingine nyingi, kuna hoja inarudiwa sana na watu wa elimu na watu wa teknolojia. Wanasema zile zana za mtandaoni za kupanga kurasa ziwe njia zimeshapitwa. Ninaposema njia namaanisha hivi: unachukua kurasa sita au nane za tovuti tofauti, unazipa mpangilio, kila kituo unaandika maelezo yako, alafu msomaji anapita moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Wanauliza nani ana muda huo siku hizi wakati mtu anaandika swali anajibiwa papo hapo. Mimi naona hoja hii imekosea pale pale kwenye msingi, manake inachukulia njia kuwa ni rundo la linki lililopangwa vizuri. Njia ya kurasa ni maandishi, ina mwandishi na ina hoja, na mpangilio wa vituo vyake ndio unaoibeba hiyo hoja. Ukilielewa hilo utaona kwa nini jibu la haraka haliwezi kuchukua nafasi yake, na utaona pia kwamba njia mbovu inampotosha mtu sawasawa na makala mbovu, kwa hiyo inabidi tuanze kuzipima hivyo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wavuti. Julai 1945 mhandisi wa Marekani Vannevar Bush, ambae wakati wa vita alikuwa anasimamia utafiti wa kisayansi wa serikali, alichapisha makala kwenye jarida la The Atlantic Monthly akaelezea mashine ya kufikirika aliyoiita Memex, meza ya kazi ambayo ndani yake mtu anatunza vitabu na barua na kumbukumbu zake zote kwenye filamu ndogo ndogo. Watu wengi wakiitaja makala hiyo wanakumbuka mambo ya kuhifadhi, lakini uzito wa Bush ulikuwa kwingine, ulikuwa kwenye uwezo wa mtu kuunganisha ukurasa huu na ule, akapachika maelezo yake katikati, mwisho akawa na njia nzima anayoweza kumpa rafiki yake nae akaiingiza kwenye mashine yake. Alitoa hadi mfano wa mtu anayechunguza kwa nini upinde mfupi wa Waturuki ulionekana kuushinda upinde mrefu wa Waingereza kwenye Vita vya Msalaba, na akatabiri kwamba itazaliwa kazi mpya kabisa ya watu wanaofungua njia ndani ya msitu wa maarifa ili wengine wapite. Miaka ya 1980 watafiti wa Xerox PARC, maabara ya kampuni ya Xerox kule California, waliokuwa na NoteCards, mfumo wa kompyuta wa kuandika maelezo kwenye kadi zilizounganishwa kwa linki, wakajenga ziara za kuongozwa juu ya kadi zao, kwa sababu walishaona msomaji akiachiwa linki tupu anapotea.

Sasa wavuti ya Tim Berners-Lee ilipokuja, pendekezo likiwa la 1989 na programu zake zikaachiwa dunia nzima bure tarehe 30 Aprili 1993, ilibeba linki ikaacha njia. Linki ya wavuti inakupeleka sehemu moja basi, haijui umetoka wapi wala baada ya hapo unatakiwa uende wapi. Pengo hilo ndilo watu wamekuwa wanahangaika kuliziba tangu wakati huo. Bernie Dodge wa San Diego State University alikuja na WebQuest mwaka 1995, ambapo mwanafunzi anapewa kazi pamoja na kurasa za kuifanyia kazi hiyo badala ya kuachiwa ahangaike mtandao mzima. Watu wa chuo kikuu cha Texas A&M wakajenga Walden's Paths, mwalimu anapanga kurasa za wengine na kuweka maneno yake juu bila kuzigusa kurasa zenyewe. Siku hizi kuna Symbaloo, kuna Wakelet, kuna Padlet, kila moja na namna yake. Kwa hiyo hii sio fasheni ya walimu wa miaka ya tisini, ni tatizo ambalo wavuti ilizaliwa nalo na halijawahi kuondoka.

Hebu tuchukue mfano mmoja tuende nao. Tuseme unataka kumfundisha mtu jinsi ndui ilivyotokomezwa duniani, na kurasa za kuaminika unazo. Kuna ukurasa wa Edward Jenner na majaribio yake ya 1796. Kuna wa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia, mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Kuna wa Onesimus, mwafrika aliyekuwa mtumwa Boston, aliyemweleza bwana wake Cotton Mather kwamba kwao watu wanachanjwa kwa usaha wa mgonjwa ili wasiugue vibaya, na maelezo yake yakatumika mlipuko ulipotokea 1721, miaka 75 kabla ya Jenner. Kuna ukurasa wa mkakati wa miaka ya mwisho, wa kumtafuta kila mgonjwa na kuwachanja waliomzunguka badala ya kuhangaika kumchanja kila mtu. Kuna wa Birmingham, Uingereza, 1978, ambapo virusi vya maabara vinaaminika ndivyo vilivyomuua Janet Parker, mpiga picha wa chuo kikuu, wakati dunia ilishaanza kujihesabu imepona. Na kuna tangazo la Shirika la Afya Duniani la Mei 1980 kwamba ugonjwa umekwisha.

Kurasa ni zile zile, lakini angalia kinachotokea ukibadilisha mwanzo. Ukianza na Jenner, alafu ukaenda moja kwa moja mpaka tangazo la 1980, umesimulia habari ya mtu mmoja mwenye akili aliyegundua kitu na dunia ikakipokea. Ukianza na Onesimus, ghafla Jenner anakuwa mtu aliyeboresha maarifa ambayo tayari yalikuwa yanatembea, yaliyojulikana Afrika na Asia kabla yake, na msomaji anaanza kujiuliza ni nani anaandikwa kwenye historia na nani anaachwa. Ukianza na Maalin, somo linahamia kwa wahudumu waliokuwa wanafuata mgonjwa nyumba kwa nyumba, na chanjo yenyewe inabaki kuwa nusu tu ya kazi. Na ukiweka Birmingham baada ya tangazo la 1980 badala ya kabla, hata tarehe zikiwa sahihi, umemwambia msomaji kwamba ushindi haujakamilika, na hapo ndipo atakapotaka kujua kwa nini virusi bado vimehifadhiwa kwenye maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi. Hakuna uongo hata mmoja kwenye njia zote hizo nne, ila zinasema mambo manne tofauti. Mtu aliyefanya maamuzi hayo ameandika, hata kama hakuna aya moja ya ukurasa wowote iliyotoka mkononi mwake.

Ndio maana nasema hoja ya kwamba akili mnemba imezimaliza njia ndio dhaifu kuliko zote, na nianze nayo hiyo hiyo. Inachanganya kujibu na kuongoza. Mtu mwenye swali anajibiwa, sawa, na kwa maswali mengi ya kila siku jibu fupi linatosha kabisa, sina ugomvi na hilo. Lakini anayeanza kujifunza kitu bado hana swali, au ana swali ambalo limekaa vibaya kwa sababu hajui mambo gani yapo. Anayeuliza nani aligundua chanjo ya ndui atajibiwa Jenner, na hana namna ya kujua kwamba lipo jina la Onesimus la kuulizia. Njia inampa alichokuwa hajui kukiomba. Alafu kuna jambo la pili, jibu lililofupishwa linamweka msomaji mbali na chanzo. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, waliangalia data za Machi 2025 za watumiaji wa Marekani, wakakuta pale muhtasari wa akili mnemba ulipotokea watu walibofya matokeo ya kawaida kwenye asilimia 8 tu ya safari zao za utafutaji, na usipotokea ilikuwa asilimia 15, na linki zilizomo ndani ya muhtasari wenyewe zilibofywa asilimia 1 tu. Yaani vyanzo vimewekwa pale na karibu hakuna anayevigusa. Njia inafanya kinyume chake kabisa, bila kwenda kwenye ukurasa wenyewe hujapita popote, utakutana na sauti ya aliyeandika, mkao wa hoja yake, picha zake, hata upendeleo wake.

Kuna wanaosema basi sawa, akili mnemba yenyewe ipange hizo njia. Hili lina ukweli ndani yake nisilipuuze, kutafuta kurasa za kuchagulia ni kazi ndefu na mashine inasaidia, mimi sioni ubaya mtu akiomba mapendekezo ishirini akabaki na manne. Shida ni kwamba mifumo hii mpaka leo inaweza kukutengenezea linki ya ukurasa ambao haujawahi kuwepo, au kukupa ukurasa uliopo ukiwa na maelezo ambayo ukiufungua huyakuti. Kwa mpangaji anayesoma kila ukurasa kabla ya kuuweka hilo ni usumbufu tu, anaondoa anaendelea. Kwa asiyesoma ni balaa, na linapotokea hilo hakuna wa kuuliza. Njia iliyopangwa na mtu ina mtu wa kumfuata: kwa nini uliweka huu, kwa nini ukaacha ule, na akishindwa kujibu unajua la kufanya na njia yake.

Hoja ya pili ya upande wa pili ni nzito zaidi na inastahili muda. Inasema njia zinamfunga mwanafunzi. Anapewa kurasa zilizochujwa tayari, salama, zimekaguliwa, alafu siku anaingia mtandaoni peke yake hana hata mazoezi ya kutofautisha tovuti ya kweli na ya kitapeli. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford walionyesha jambo la kushtua kwenye kazi yao ya 2017, waliwapa kurasa za mtandaoni wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa Stanford, na wahakiki wa habari wa kitaalamu. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa wanausoma kwa makini juu mpaka chini, wakadanganywa na muonekano mzuri na nembo za kitaalamu. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasemaje kuhusu tovuti ile, ndipo wakarudi. Sasa njia ya kuongozwa, kwa umbo lake, inamfundisha mtu tabia ya wanahistoria wale, kaa hapa, soma, bofya inayofuata.

Kwenye hili nakubali, njia peke yake haitoshi, na mwalimu anayewapa wanafunzi njia mwaka mzima bila kuwaachia kamwe anawanyima kitu. Lakini ukiisukuma hoja hii mpaka mwisho, kwamba basi tuwaachie wote wajitafutie toka siku ya kwanza, unagongana na jambo jingine linalojulikana vizuri kwenye saikolojia ya kujifunza. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walieleza mwaka 2006 kwamba anayeanza akiachwa bila mwongozo anamaliza nguvu ya akili yake kwenye kuhangaika, hakuna inayobaki ya kuelewa, manake kumbukumbu ya kufanyia kazi ya binadamu ni ndogo na ikijaa imejaa. Na kundi hilo hilo la utafiti, kazi za Slava Kalyuga na wenzake, lilikuta kwamba msaada unaomfaa mwanzo mwanzo unamkwaza anayejua tayari. Ukiyaweka hayo pamoja na ya Wineburg unapata kwamba mwongozo ni wa hatua, mwanzo uwe mwingi, alafu upungue kadiri mtu anavyokua. Na hili kwenye njia linawezekana kirahisi tu. Kituo cha nne kwenye njia yetu ya ndui kinaweza kisiwe na linki kabisa, kiseme: ukurasa uliotoka kuusoma unadai hivi, toka nje, tafuta watu wawili wasiohusiana nao wanasemaje, urudi na ulichokipata. Mpangaji anayejua kazi yake anaacha milango wazi ndani ya njia. Tatizo ni kwamba zana nyingi zimejengwa kana kwamba kila kituo lazima kiwe na linki yake, na kumpima msomaji kwa kuangalia kamaliza au hajamaliza, ndipo watu wanazoea kuamini kwamba kupita kwenye vituo vyote ni sawa na kuelewa.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo mimi binafsi naiona ndio yenye nguvu kuliko zote na ambayo watetezi wa njia huwa wanaipita haraka haraka. Kurasa zinakufa. Pew walichunguza mwaka 2024 wakakuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazipatikani tena miaka kumi baadae, na asilimia 54 ya kurasa za Wikipedia zina walau linki moja kwenye marejeo inayokwenda kwenye ukurasa ambao haupo. Kwenye orodha ya kawaida linki moja ikifa umepoteza kitu kimoja kati ya vingi. Kwenye njia hali ni mbaya zaidi, kituo cha tatu kikifa cha nne hakieleweki, kwa sababu kiliandikwa kikimtegemea mtu aliyetoka cha tatu. Na kuna kifo kingine cha kimya kimya ambacho ni hatari kuliko hicho, ukurasa upo, anwani ni ile ile, ila waliomo ndani wamebadilisha maneno, au tovuti imeuzwa kwa mtu mwingine, maelezo yako yanasifu kitu ambacho hakipo tena na msomaji anadhani unamsifia huyu mpya. Watu wa Walden's Paths waliliona hili mapema, wakatengeneza sehemu ya kukagua kama kurasa za njia zimebadilika na kwa kiasi gani. Zana nyingi zilizokuja baadae sijaona zikilipa uzito huo, na hili linanisikitisha sana kwa sababu lilishafikiriwa na kujengwa, halikuhitaji kugunduliwa upya.

Alafu zana zenyewe nazo zinakufa. Storify, ambayo waandishi wa habari wengi waliitumia kupanga maandiko ya mitandao ya kijamii kuwa simulizi, ilifungwa Mei 2018. Yahoo waliifunga orodha yao ya tovuti zilizopangwa kwa mada mwishoni mwa 2014, DMOZ, orodha nyingine ya namna hiyo iliyokuwa inaendeshwa na wahariri wa kujitolea, ikafungwa Machi 2017, na Mozilla wakaifunga Pocket, huduma ya kutunza kurasa za kusoma baadae, Julai 2025. Nimeona watu wamejenga vitu vizuri mno kwenye huduma za namna hii, miaka ya kazi, alafu wanapata barua pepe kwamba mpaka tarehe fulani uwe umechukua vyako, na wakichukua wanapewa faili la linki tupu, maelezo yote yaliyounganisha vituo hayamo. Hapo ndipo unapoona jinsi wajenzi wa zana nao wanaamini kwamba njia ni linki. Wamekurudishia kilichokuwa cha watu wengine, wamebaki na kilichokuwa chako.

Je hii inatosha kuacha? Naona hapana, ila inabadilisha namna ya kufanya kazi. Kitu cha kwanza, njia iandikwe kwanza mahali unapopamiliki mwenyewe, faili la maandishi ya kawaida tu, kila kituo na anwani yake, jina la ukurasa, nani kaandika, siku uliyousoma, na maelezo yako, ndipo uiweke kwenye zana. Zana iwe sehemu ya kuonyeshea, asili ibaki kwako. Kitu cha pili, kila ukurasa unaoutegemea uhifadhi nakala yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, siku hiyo hiyo unapoupanga, na anwani ya nakala uiandike pembeni ya anwani ya kawaida. Sio kila ukurasa unakubali kuhifadhiwa, lakini mwingi unakubali, na siku wa asili ukifa unabadilisha anwani moja tu na njia inaendelea kupitika. Sipendekezi kumpeleka msomaji kwenye nakala wakati ukurasa wenyewe upo hai, manake aliyeuandika anastahili wageni wake, na masahihisho yake kama ameyafanya.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo linabadilisha hata uandishi wenyewe na sioni likizungumzwa. Zana za zamani zilikuwa zinaufungua ukurasa wa mtu ndani ya fremu, juu kuna maelezo yako na vitufe vya mbele na nyuma, chini kuna ukurasa. Ilipendeza, maneno yako na ukurasa vilionekana pamoja. Lakini matapeli nao waligundua kwamba ukiweka ukurasa wa mtu ndani ya fremu iliyofichwa unaweza kumfanya msomaji abofye kitufe asichokiona, kwa hiyo tovuti nyingi zikaanza kuiambia brauza isikubali kufunguliwa ndani ya ukurasa wa mwingine, na utaratibu huo ukaandikwa rasmi mwaka 2013. Ni ulinzi wa haki kabisa. Matokeo yake ukitumia zana inayotegemea fremu leo, vituo vingi vinaonyesha boksi jeupe, msomaji anadhani linki imekufa kumbe ukurasa upo mzima. Kwa hiyo linki zifunguke kwenye ukurasa mpya wa brauza, na hapo maelezo yako yanabaki nyuma, msomaji hayaoni tena akiwa ndani. Maana yake ni kwamba maelezo lazima yaandikwe kwa mtu anayekaribia kuondoka: nenda kwenye sehemu ya pili ya ukurasa, ruka utangulizi, tafuta mahali anapoeleza jinsi wagonjwa walivyokuwa wanasakwa, jiulize mwandishi anawapa nani sifa. Maelezo ya aina ya "huu ni ukurasa mzuri sana kuhusu ndui" hayamsaidii mtu kitu akishafika kule. Kinachosaidia pia ni linki zinazofungua moja kwa moja kwenye sentensi husika na kuipaka rangi, brauza kubwa zote sasa zinazielewa, na ukiwa na msomaji wa simu anayeshuka ukurasa mrefu kwa kidole hiyo peke yake inaweza kuamua kama atafika mwisho wa njia au ataishia njiani.

Tukikubali kwamba mpangaji ni mwandishi, basi na yeye abebe mizigo ya mwandishi. Njia iwe na jina la aliyeipanga na tarehe ya mwisho aliyoikagua, ionekane mbele, sio imefichwa kwenye mipangilio. Mpangaji aseme wazi anataka kumfikisha mtu wapi, kwa sababu njia zinazojifanya hazina upande ndizo zenye upande mkali kuliko zote, msomaji anachukuliwa kidogo kidogo kituo kwa kituo bila kuonyeshwa kwamba kuna njia panda alishapitishwa. Kwenye kituo ambacho wataalamu wanabishana, ukurasa wa upande wa pili uwekwe, na uwekwe ule wenye nguvu, sio ule dhaifu uliochaguliwa ili upigwe kirahisi. Na njia iwe fupi. Ukishaona vituo vimefika kumi na tano ujue hujachagua bado, umehamisha tu kazi ya kuchagua kutoka kwako kwenda kwa msomaji. Taasisi zinazowaagiza watu watengeneze njia kwa wingi, mia kwa mwaka wa masomo, ziangalie hapa vizuri, njia isiyo na mtu wa kuirudia kila muhula ni afadhali isingekuwepo, na muda wa kukagua uhesabiwe kwenye malipo ya kazi toka mwanzo kama unavyohesabiwa muda wa kupanga.

Wajenzi wa zana nao wana kazi ya kufanya. Kwanza ni kumwezesha mtu kuondoka na kila kitu chake, maelezo na mpangilio vikiwemo, kwenye fomati inayosomeka bila programu yao. Pili ni kukagua kurasa kila baada ya muda na kumtaarifu mpangaji kwamba ukurasa wa kituo hiki umekufa au umebadilika sana, kitu ambacho kilishafanyika na kinaweza kufanyika tena. Tatu ni kuruhusu kituo kisicho na linki, na kuruhusu njia igawanyike msomaji akachague mwenyewe pa kupita. Hivi vitatu vingeisaidia kazi hii kuliko kitufe kipya cha kukutengenezea njia kwa sekunde tano, ambacho ndicho karibu kila mtu anakimbilia kukiweka sasa hivi.

Na kwa wanaofundisha, kuna matumizi ya zana hizi ambayo naona yamechelewa kupewa nafasi yake, nayo ni kumwachia mwanafunzi apange yeye. Insha ya nyumbani leo huwezi kujua kama imeandikwa na mwanafunzi au na mashine, walimu wanalia na hilo kila mahali. Lakini mpe mwanafunzi kazi ya kupanga njia ya vituo vitano kuhusu jambo fulani, alafu akae mbele yako umuulize kwa nini cha tatu kimetangulia cha nne, ukurasa gani aliufikiria akauacha, huyu mwandishi wa kituo cha pili ni nani na alijuaje kwamba anaaminika, na kitatokea nini kwa hoja yake tukikitoa cha kwanza. Aliyesoma kurasa zake atajibu, hata kama atajibu kwa kubabaika. Aliyepangiwa hatafika swali la tatu.